Mwezi wa Ngoma Usio na Bango

Ukitajwa mwezi wa sanaa, msomaji wa visiwani huufikiria mji. Hufikiria Februari na Ngome Kongwe, ambako kwa miaka mingi Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, limewakusanya wanamuziki wa Afrika nzima. Au huifikiria miezi ya katikati ya mwaka, wakati tamasha la filamu la nchi za jahazi, ZIFF, linapowatoa watu majumbani na kuwaketisha mbele ya kitambaa cheupe. Mwezi wa namna hiyo una karatasi yake. Jina la msanii limeandikwa, saa imeandikwa, jukwaa limetajwa, na kiingilio hakikusahauliwa. Mhakiki naye hurahisishiwa kazi: huichukua ratiba, huhudhuria, kisha huandika ni nani aliyeimba vyema na ni nani aliyechoka kabla ya watazamaji wake.

Hata hivyo kisiwa chenyewe kinajua kwamba si kila sanaa hutangazwa hivyo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi haukubuniwa na ofisi yoyote. Wanaume huchapana kwa migomba, wanawake hujipamba na kuimba, kibanda cha makuti huchomwa moto, na mwaka wa zamani huagwa. Siku yake hutokana na hesabu ya Nairuzi, wala haimsubiri mfadhili. Mgeni anakaribishwa, lakini yeye ndiye anayeifuata ngoma. Ngoma haimfuati yeye. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, na mara nyingi hupitwa bila kuzingatiwa. Lakini humo ndimo lilimo swali zima la namna ya kuzihukumu sanaa za kusini.

Bara ya Lindi, katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, nchi ya Wamwera na majirani zao Wayao, Wamakua na Wamakonde, upo mwezi wa sanaa usio na bango. Huja mvua zikishakatika, mahindi na mtama vikishaingia ghalani, ufuta ukishapigwa na kupelekwa mnadani, na mikorosho ikiwa bado haijaanza kuangusha korosho zake. Ni kati ya Juni na Agosti, muda mfupi ambamo mkono umepumzika na mfuko una kitu. Shule hufungwa, ndugu walioko Dar es Salaam hurejea, na katika kata kama Chunyu, Mbekenyera, Mandawa na Mnacho ngoma husikika usiku kutoka pande zaidi ya moja. Hizo ni ngoma za jando na unyago: za kuwaingiza watoto, za kuwakesha, na za kuwatoa siku ya furaha wakiwa wamevalishwa nguo mpya, huku jamaa wakiwatunza fedha mbele ya umati. Mwenye kuhesabu nyimbo zinazoimbwa, wachezaji wanaocheza na usiku unaokeshwa, atauona mwezi huo kuwa mzito kuliko Februari ya mji wowote. Lakini katika kurasa za utamaduni hauna hata aya moja.

Sababu ya kimya hicho si umbali wa barabara. Ni kwamba uhakiki umezoea kuitambua sanaa kwa alama za nje: jukwaa, jina la mtunzi na tiketi. Penye alama hizo pana sanaa. Pasipo nazo pana mila, na mila huachiwa wataalamu wa makabila. Mgawanyo huo unapingwa na Kiswahili chenyewe. Wapenzi wa ushairi wanalienzi neno malenga. Wameliona juu ya majalada ya diwani: Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir mwaka 1971, Malenga wa Bara ya Mulokozi na Kahigi mwaka 1976, Malenga wa Mrima ya Mwinyihatibu Mohammed mwaka 1977. Lakini kabla hajaingia kitabuni, malenga alikuwa mtu wa ngoma: ndiye aliyetunga wimbo, akautoa, na kundi likampokea. Neno hilo lilitoka uwanjani likapanda kwenye rafu, na likiisha kupanda likausahau uwanja. Katika safu ya majina hayo, Mvita yumo, Mrima yumo na Bara yumo. Malenga wa Ruangwa hayumo, ingawa ndiye aliyebaki karibu zaidi na maana ya kwanza ya neno.

Inafaa kukumbuka ule mgogoro wa miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na wanamapokeo wakashikilia kwamba utungo usio na vina na mizani hauwi shairi. Pande zote mbili zilibishana juu ya karatasi. Upande mmoja ulihesabu silabi, wa pili ulikataa kuzihesabu. Haikuulizwa vya kutosha ushairi wa ngoma unahesabu nini. Wimbo wa unyago una mizani kali, ila mizani hiyo imo katika pigo la ngoma na katika hatua ya mguu. Una kituo, na kituo chake ni sauti ya wapokeaji. Anayekosea hapo hasamehewi kwa sababu ana uhuru wa mshairi. Hukatizwa, na mwingine hushika wimbo. Ni sheria ngumu kuliko ile ya vina, kwa kuwa hakimu wake amesimama palepale.

Ujenzi wake ni wa mstari mfupi. Kungwi hutoa, kundi hupokea, na mstari hurudiwa kiasi cha kumfanya msikilizaji wa nje adhani kuwa mtunzi ameishiwa na maneno. Kumbe marudio ndiyo chombo cha kufundishia. Vitu vinavyotajwa ni vya kawaida: chungu, mchi, maji, njia, ndege. Kwanza mwali huvisikia kama anavyovijua nyumbani. Baadaye huonyeshwa kitendo kinachoandamana na maneno, na kile kitu cha kawaida huanza kugeuka. Mwisho hufumbuliwa, na tangu siku hiyo hatakisikia tena chungu kikitajwa kama alivyokisikia jana. Mpenzi wa mashairi ya mafumbo atautambua ufundi huu mara moja, kwani ndio ule ule unaoziendesha beti za taarabu zinazosema waridi na kukusudia mtu. Lakini katika taarabu fumbo hutupwa kwa umati, na mwenye kofia ikimwenea huivaa. Katika unyago fumbo lina anwani: limetungwa lifike kwa mtoto huyu, usiku huu, kabla hajavuka kuingia utu uzima.

Makala haya hayanukuu wimbo hata mmoja wa kumbi. Nyimbo hizo zina kunga, na kunga ni sehemu ya umbo lake kama vile kina kilivyo sehemu ya umbo la shairi. Kuchapisha maneno bila idhini ya wenyewe ni sawa na kuchapisha shairi baada ya kulifutia vina vyote, kisha kulilaumu kwamba halina utamu. Mhakiki anaweza kueleza jinsi mlango ulivyochongwa bila ya kuufungua.

Msomaji wa Unguja asidhani kwamba anasimuliwa habari za ugenini. Katika karne ya 19 watu wengi wa nchi za kusini, Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, waliteremshwa hadi Kilwa Kivinje na kuvushwa baharini kama bidhaa, mpaka soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873. Hawakuruhusiwa kuja na mali, lakini ngoma haifungwi kamba. Unyago uliokita mizizi katika visiwa ulikuja kwa njia hiyo, na baada ya muda binti wa mwenye nyumba naye akachezwa kwa ngoma ya aliyeletwa kumtumikia. Julai ya Ruangwa, kwa hiyo, ina ndugu yake kisiwani. Waliotengana ni wasikilizaji.

Aliyemfanya ndugu huyo ajulikane duniani ni Fatma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Wengi walimpenda kwa taarabu, lakini yeye alikuwa pia kungwi, na ule msondo mrefu aliouweka katikati ya miguu ulikuwa chombo cha kazi kabla ya kuwa kivutio cha picha. Alipopewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na filamu juu ya maisha yake ilipotoka mwaka 2006, unyago ulikuwa umeshapanda majukwaa ya Ulaya. Faida yake haikanushiki. Wanawake waliokuwa wakidharauliwa kwa ngoma hiyo waliona ikisimamiwa kwa heshima, na kizazi cha vijana kikajua kwamba ngoma ya bibi zao ina mdundo usiopitwa na wakati.

Hata hivyo hukumu ya haki haina budi kuitazama hasara pia. Jukwaani mwali hayupo. Wimbo uliotungwa kumwambia mtu fulani sasa unawaambia mia tano wasiojua lugha yake, nao hupiga makofi kwa kile kilichobaki, yaani mdundo na kiuno. Bi Kidude aliweza kulibeba pengo hilo kwa sababu ya uzito wa umri na sauti yake; kila msikilizaji alijiona kama yeye ndiye anayefundwa. Waigaji wake hawana uzito huo, na kwao pengo linabaki wazi. Wimbo umebaki na maneno yake yote, na umepoteza nafsi ya pili.

Dola nayo ilikuwa na jukwaa lake. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 ya kuanzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, aliwasikitikia Watanganyika waliojua rumba na chachacha kuliko ngoma za kwao. Nia ilikuwa njema, na bila hiyo ngoma nyingi zingedharauliwa zaidi. Kikundi cha taifa cha ngoma kiliundwa katika miaka hiyo ya 1960, na kusini ilitoa mchango mkubwa: sindimba ya Wamakonde ikawa karibu ngoma ya nchi nzima. Shule ziliicheza, mikutano ya hadhara iliicheza, viwanja vya ndege viliicheza kwa ajili ya wageni. Katika safari hiyo ngoma ilifupishwa, safu zikanyooshwa kama gwaride, maneno yakabadilishwa yawe ya kusifu, na mwisho ikabaki jina la mwendo wa kiuno tu. Kisha wale wale walioitoa katika mazingira yake wakaanza kuilaumu kwamba haina adabu. Lakini adabu ya sindimba ilikuwa katika ujuzi wa nani anacheza mbele ya nani, na hilo ndilo lililoachwa nyuma.

Tamasha la MaKuYa, lililoanzishwa Mtwara mwaka 2008, ni hatua iliyo bora kuliko hizo. Huwakusanya wachezaji karibu na kwao, mbele ya watazamaji wanaoielewa lugha, na mzee aliyeko uwanjani anaweza kumsahihisha kijana papo hapo. Kwa kipimo cha anwani, lina sifa ambayo majukwaa ya Dar es Salaam na ya ng'ambo hayana. Lakini jina lake limefinyangwa kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, na Mmwera hakupata silabi ndani yake. Jina si ukuta, na haliwezi kumzuia mtu kucheza. Ila katika sanaa ya maneno silabi si kitu kidogo. Inaonyesha jinsi hata kusini yenyewe inavyopangwa kwa ngoma zilizokwisha kupata sura ya nje, yaani vinyago, vinyamkera na viuno, huku ngoma yenye maneno mengi na sura chache ikisubiri nyuma.

Watetezi wa ngoma hizo mara nyingi hushika hoja dhaifu, ile ya asili. Husema zihifadhiwe kwa kuwa ni safi, hazijaguswa. Historia ya Nachingwea haikubaliani nao. Beni, ngoma iliyoiga bendi na magwaride ya askari, ilitoka miji ya pwani ikaenea hadi ndani kabisa ya bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Na nchi hii iliviona vita hivyo kwa macho, kwani mapigano makali ya Mahiwa yalifanyika Oktoba 1917 kati ya Lindi na Masasi. Mwaka 1947 ukaja mradi wa Waingereza wa karanga. Ulileta matrekta, wafanyakazi wa makabila mengi, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara. Karanga zilishindwa, reli iking'olewa baadaye, lakini watu walikuwa wameshakutana na nyimbo zao zimeshachanganyika. Kisha wapigania uhuru wa FRELIMO wakaweka kambi yao ya mafunzo Nachingwea, na vijana wa Msumbiji wa lugha mbalimbali wakaishi, wakaimba na wakacheza humo. Mahali palipopitiwa na vishindo vyote hivyo hapawezi kuwa na ngoma isiyoguswa. Na wala si aibu. Ngoma ya Ruangwa haihitaji kuwa kongwe ili iwe na haki ya kusikilizwa.

Ipo hoja nzito zaidi, na uhakiki hauwezi kuikwepa kwa kusifu mdundo. Nyimbo hizi hufundisha nini? Zimo zinazofundisha usafi, heshima kwa wazee, subira na namna ya kuishi na watu. Zimo pia zinazomfundisha msichana kunyamaza pale anapopaswa kusema. Na mara nyingine mtoto anayechezwa ni mdogo mno, akirudi darasani ameambiwa kwamba yeye ni mtu mzima, na mwalimu anamtaka awe mwanafunzi. Wazazi wa kusini wanalijua jambo hili kuliko mhubiri yeyote kutoka mjini. Anayezisifu nyimbo za unyago kwa ufundi wake na kukaa kimya juu ya mafunzo yake hajamaliza kazi. Ni sawa na kuhakiki utenzi kwa vina vyake na kuacha unachosema.

Lakini dawa ya jambo hilo haiko jukwaani. Iko kumbini, na kusini ina ushahidi wa hilo. Katika dayosisi ya Masasi, jirani ya Nachingwea, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, hakuupiga marufuku utaratibu wa jando. Aliukubali, akaondoa aliyoyaona hayafai, akaingiza sala na mafunzo ya Kikristo, na kazi hiyo ikafanywa pamoja na wazee na makasisi Waafrika. Yapo mengi ya kumpinga askofu huyo, hasa juu ya nani alipewa mamlaka ya kuamua. Waislamu nao walikwisha kulipa jando maana ya dini yao bila kulivunja. Mifano yote miwili inathibitisha kwamba nyimbo za kumbi si mawe. Hubadilishwa kila zinapohitajika kubadilishwa, na hubadilishwa kwa ajili ya mtoto. Jukwaa nalo hubadilisha, ila hubadilisha kwa ajili ya mtazamaji. Kumbi husahihisha wimbo, jukwaa huufupisha. Mtu anayetaka wimbo unaomnyamazisha binti ubadilike ana haja na yule nyakanga anayeweza kutunga mwingine usiku ule ule, na nyakanga huyo hatapatikana ikiwa kazi yake yote imegeuzwa kuwa onyesho la dakika kumi.

Kuna na la lugha. Nyimbo nyingi za nchi hiyo zilitungwa kwa Kimwera, Kiyao au Kimakua, na kila mwaka Kiswahili huchukua mistari zaidi. Mpenzi wa Kiswahili asilifurahie hilo haraka. Fumbo lililotegemea maana mbili za neno moja la Kimwera, likitafsiriwa, hubaki na maana moja, na maana moja si fumbo.

Waliopita kabla walijaribu kushika kidogo. Mwaka 1906, moshi wa Majimaji ukiwa haujatawanyika, Mjerumani Karl Weule alipita Lindi, Masasi na uwanda wa juu wa Makonde na mashine ya kunasia sauti kwenye mitungi ya nta, akanasa nyimbo na kuzisafirisha Ulaya. Upande wa pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliitunga vita hiyo hiyo katika utenzi, uliochapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Hivyo vita vya Wamwera na wenzao viliingia katika ushairi kwa kalamu ya mtu wa mji. Na yupo Lyndon Harries, mmisionari wa kusini, aliyetoa sarufi ya Kimwera mwaka 1950 na kitabu chake mashuhuri juu ya ushairi wa Kiswahili mwaka 1962. Mtu mmoja, masikio yale yale, vitabu viwili. Wapenzi wa ushairi wa pwani wanakitaja cha pili kila siku. Cha kwanza hawakitaji, kana kwamba masikio yaliyojifunza kusikiliza Ruangwa hayakuwa ndiyo yaliyosikiliza Lamu na Mombasa.

Isisemwe kwamba mwezi usio na bango ni imara kuliko wenye bango. Sauti za Busara halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha, likarudi mwaka 2017. Vivyo hivyo bei ya ufuta ikianguka, au mvua zikikataa, mwali husubirishwa na ngoma huahirishwa. Zote mbili hutegemea mfuko; tofauti ni mfuko wa nani, na kwa hiyo ni nani mwenye kauli. Sasa spika kubwa nazo zimefika vijijini, na siku ya kuwatoa wali muziki wa Dar es Salaam hupigwa mpaka sauti ya wapokeaji isisikike. Hapo tishio halitoki kwa mgeni wala kwa serikali. Linatoka ndani ya uwanja, kwa mkono wa mjomba aliyekodi spika kwa mapenzi.

Kwa hiyo ratiba ya mwezi wa sanaa iandikwe upya, na Ruangwa na Nachingwea ziwemo. Si kwa kuwaita wachezaji waje mjini, bali kwa kumtuma msikilizaji aende huko ufuta ukishauzwa, aombe ruhusa kwa wenye ngoma, aulize lipi linaandikika na lipi halindikiki, na alitaje jina la malenga ikiwa mwenyewe ameridhia litajwe. Akikatazwa wimbo, aandike habari za ufundi wake. Akiruhusiwa mstari mmoja, aushike kwa Kimwera kwanza, ndipo aufasiri. Na akiona wimbo unaomdhulumu mtoto, amwambie nyakanga palepale, kwa heshima, kama mtunzi anavyomwambia mtunzi mwenzake kwamba ubeti huu haukusimama.